Wikendi ya wawili Mombasa: tule nini, na tutembee vipi katika Mji wa Kale?

Msafiri wa Nakuru anauliza:

Ndugu zangu, naombeni ushauri wenu. Mimi na mke wangu tunakusudia kushuka Mombasa kwa treni ya Ijumaa alasiri kutoka Nairobi na kurejea Jumapili, watoto wakibaki kwa nyanya yao. Hatufuati ufuo wala bwawa la kuogelea; tunataka kuutembea mji kwa miguu na kula vyakula vya wenyeji pale wanapovila wao wenyewe. Mke wangu hupenda samaki na vyakula vya nazi, nami napenda historia, hasa ya Fort Jesus, ambayo nimeisoma tangu shuleni bila kuiona kwa macho. Je, muda huo unatosha? Tulale kisiwani au ng'ambo ya Nyali? Na je, wageni wawili wanaweza kupita vichochoroni usiku bila kuwakera watu?

Mkaazi wa Kibokoni anajibu:

Karibuni sana, kaka, wewe na shemeji. Muda unatosha, mradi safari yenu muipange kwa saa badala ya kuipanga kwa orodha ya mahali. Mombasa kila chakula kina wakati wake, na anayekifuata nje ya wakati huo ama hukikosa, ama hukipata kimepoa na kupoteza ladha.

Jumamosi amkeni mapema. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi. Mahamri huliwa yangali moto, iliki ikinukia, na mbaazi ziwe na tui zito la kuchovea. Mkichelewa mtakuta sufuria imekwanguliwa. Kutoka hapo nendeni moja kwa moja Fort Jesus kabla jua halijawa kali, kwa sababu uwanja wa ndani una kivuli kidogo na kuta zile za matumbawe hushika joto. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Kwa kuwa unapenda historia, usiupite haraka ukumbi wa makumbusho wenye vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati wa mazingiwa yenyewe. Kwangu mimi vitu vile vinaieleza vita kuliko mizinga iliyopangwa nje, kwa maana ndivyo walivyoshika mabaharia mikononi.

Mkitoka ngomeni, ingieni Ndia Kuu polepole, mkitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, hadi Msikiti wa Mandhry, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe ya mji huu, kisha mteremke kuelekea bandari ya zamani. Mchana ni wa wali wa nazi na samaki wa kupaka, au biriani kwa atakaye. Baada ya hapo pumzikeni, kwani hata sisi wenyeji hatutembei ovyo saa nane.

Jioni ndipo mitaa inapofufuka. Tafuteni viazi karai vinavyotolewa mafutani mbele yenu na kumiminiwa ukwaju, mishkaki ya makaa, na mkate wa mayai wenye nyama ya kusaga ndani. Nunueni kidogo kidogo kwa kila muuzaji ili mbakishe nafasi ya kaimati. Usiku ukishatulia, mkaribieni muuza kahawa mwenye dele lake. Kahawa ni chungu, na huteremshwa kwa tende au kashata.

Binti wa Kuze anajibu:

Nakubaliana na kaka wa Kibokoni, nami naomba kuongeza yanayomhusu zaidi dada yetu. Mji wa Kale ni makazi ya watu, na baraza mnazoziona ni sebule zao za nje. Salamu ndiyo hodi: anayetoa salamu akipita huelekezwa njia, hata muuzaji mzuri wa maandazi. Usiku mnaweza kutembea katika mitaa yenye watu bila wasiwasi, ila epukeni vichochoro vitupu kama ambavyo mngefanya katika mji wowote. Vaeni nguo za heshima, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, piteni Markiti mnunue iliki na bizari, kisha mwende Mtaa wa Biashara mkachague leso. Kaka, mwache mkeo asome majina yote, yaani misemo iliyoandikwa kwenye leso hizo, bila kumharakisha. Kulichagua jina pamoja ni sehemu ya matembezi yenyewe.

Baharia Mstaafu anajibu:

Kuhusu malazi, wengi watawaambia mlale Nyali kwa sababu hoteli ni nyingi. Mimi napinga kwa safari kama yenu. Nyali inawafaa wanaotaka ufuo, lakini ninyi mnataka mahamri ya alfajiri na kahawa ya usiku, na daraja lenye foleni litakula muda wenu. Laleni kisiwani, karibu na Mji wa Kale.

Pia msiikose bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, alasiri ya Jumamosi, jua likipungua. Pale, chini ya mibuyu, mtapata madafu, na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu, huku meli kubwa zikipita karibu nanyi kuelekea bandari ya Kilindini. Mkipenda, vukeni na feri ya Likoni mrudi. Waendao kwa miguu hawalipi.

Msafiri wa Nakuru:

Ahsanteni nyote kwa moyo. Tutalala kisiwani. Limebaki swali moja: Jumapili treni yetu ni ya alasiri. Je, tutapata mlo wa mchana kwanza?

Mkaazi wa Kibokoni:

Mtapata, mkila mapema. Kituo kiko Miritini, nje ya kisiwa, na kabla ya kupanda kuna ukaguzi wa mizigo unaochukua muda. Kwa hiyo mabuyu, achari na halua ya watoto vinunueni Jumamosi usiku, asubuhi ya Jumapili ibaki ya mahamri.