Mtoto wa mbwa wa wiki 9: chanjo ipi ni ya lazima kisheria, ipi ni ya muhimu, na ratiba ikoje?

mdau_tegeta

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua mambo ya mbwa, hasa madaktari wa mifugo kama mpo humu.

Nina German Shepherd dume, ana wiki 9. Kaja na kadi yenye stika moja tu, ya wiki 6, imeandikwa DHPPi. Muuzaji anasema "huyu kashachanjwa, bado kichaa tu". Duka la dawa za mifugo mtaani wananishauri ninunue kichupa cha chanjo ya kichaa nimchome mwenyewe akifika miezi mitatu, eti hiyo ndiyo serikali inayotaka na nyingine ni za wenye hela.

Maswali yangu:
1. Kisheria natakiwa kumchanja nini?
2. Hizo nyingine zina ulazima gani, na kwa ratiba ipi?
3. Kuchoma mwenyewe kuna ubaya gani?
4. Anaruhusiwa kutoka nje ya geti lini?

DktMifugo_Moro

Karibu mkuu. Naanza na muuzaji, maana kauli yake ndiyo inayoua watoto wa mbwa wengi mjini. Dozi moja ya wiki 6 usiihesabu kabisa kama kinga.

Mtoto wa mbwa anapata kinga ya mama kupitia dang'a (maziwa ya kwanza), ndani ya siku yake ya kwanza ya uhai. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizuia chanjo isifanye kazi: virusi hai vilivyodhoofishwa vikiingia mwilini, kinga ya mama inavimaliza kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Inashuka kidogo kidogo, na kwa macho huwezi kujua itakwisha lini. Mmoja inamwisha wiki ya 8, ndugu yake wa tumbo moja ikamwisha wiki ya 14. Ndiyo sababu tunarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, tukiwa na nia kwamba angalau dozi moja itamkuta akiwa tayari.

Kwa hiyo dozi ninayoipigania kuliko zote ni ya mwisho, na isitolewe kabla ya wiki 16. Watu wengi wanaishia wiki 12 kwa sababu kadi imejaa stika tatu na inapendeza kuitazama. Akifika miezi mitano mbwa anaharisha damu, na lawama zinaenda kwa chanjo "feki". Mara nyingi chanjo ilikuwa nzima, ila ilichomwa mapema.

Wa kwako ningempanga hivi:

Wiki hii: DHPPi pamoja na L.
Wiki 13: DHPPi na L ya pili, na siku hiyohiyo kichaa cha mbwa.
Wiki 16 au 17: DHPPi ya mwisho ya utoto.
Miezi 6: DHPPi moja zaidi, kwa ajili ya wale wachache ambao kinga ya mama ilichelewa kuisha. Zamani tulisubiri mwaka mzima. Siku hizi mwongozo wa kimataifa unashauri wiki ya 26, ili asiyepata kinga asikae miezi mingi bila ulinzi.
Mwaka 1: kichaa na L.

Herufi zenyewe: D ni distempa (virusi vinavyoshambulia mapafu, tumbo na ubongo), H ni homa ya ini ya mbwa, P ni parvo (virusi vya kuharisha damu), Pi ni mafua ya parainfluenza, L ni leptospira. D, H na P ni za kila mbwa popote alipo, hata anayelala ndani. Kwa nchi zetu, kichaa kinaungana nazo bila mjadala.

shangani_mkongwe

Nijibu la sheria. Kwa Tanzania Bara, kichaa cha mbwa kipo chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, na ni ugonjwa wa kutolewa taarifa: ukimshuku mbwa, unamwarifu ofisa mifugo wa kata, humalizani naye kimyakimya. Halmashauri nazo zina sheria ndogo zao juu ya mbwa, kuchanja kila mwaka na kutozurura, kwa hiyo pita ofisi ya kata uulize za kwako. Parvo na distempa sheria haikulazimishi. Hapo duka wamesema kweli, ila "hailazimishi" wao wameigeuza kuwa "haina maana".

Kichaa kimewekewa mkono wa sheria kwa sababu dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na chanjo ya mbwa inazuia kweli. Pemba ilikimaliza mwaka 2014 kwa kampeni za kuchanja mbwa, kikaingia tena 2016, wakarudi kuchanja kwa nguvu, kikakoma tena 2018. Kanuni wanayoifuata wataalamu ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Ukishuka sana chini ya hapo, ugonjwa unapata njia.

Chanjo ya kichaa hutolewa bure kwenye kampeni maeneo mengi, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kwenye kampeni huchanjwa hata wadogo wa chini ya miezi mitatu, na ni sawa. Ila aliyechanjwa kabla ya wiki 12 lazima arudiwe akishatimiza umri huo.

kilimani254

Kwa wasomaji wa Kenya: huku tuna sheria yake mahususi, Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Hakikisha anayemchanja mbwa wako amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo (KVB), la sivyo cheti hakitakusaidia siku mbwa wako akimuuma mtu.

Na kwenye kadi msiridhike na mhuri peke yake. Kila sindano iwe na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye jina la chanjo, namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pembeni yake ziwepo tarehe ya kuchoma, sahihi, na namba ya usajili ya daktari. Mstari wa kalamu ulioandikwa "5 in 1 done" hauthibitishi chochote.

mama_wa_bondeni

Swali la 3 naliomba mimi, nimekaa kaunta ya dawa za mifugo muda mrefu.

Tatizo la kwanza ni ubaridi. Chanjo hizi zote zinakaa nyuzi 2 hadi 8, toka kiwandani mpaka kwenye ngozi ya mbwa. Kabla hujanunua, omba uione friji. Kama hamna kipimajoto ndani, au vichupa vimepangwa mlangoni ambako kila anayefungua anaingiza joto, ondoka. Uliza umeme ukikatika usiku wanafanyaje. Na ukiweka kichupa mfukoni au kwenye dashibodi ya gari juani, DHPPi inakufa bila kubadilika rangi wala harufu. Utachoma maji na kuamini umechanja.

Kuganda nako ni hasara. Chanjo ya kichaa ni ya virusi vilivyouawa, na nyingi zimechanganywa na chumvi ya aluminiamu inayosaidia mwili kuitambua. Ikigandishwa, chembe zile zinashikana. Ukitikisa kichupa unaona mabonge yanazama haraka chini. Hiyo tupa, hata kama tarehe haijapita. Kwa hiyo ukibeba kwenye kuluboksi, funga kichupa kwa gazeti au kitambaa kisigusane na barafu.

Tatizo la pili ni uchomaji wenyewe. DHPPi inakuja vichupa viwili, kimoja cha unga mkavu na kingine cha maji yake. Tumia maji hayohayo, usichukue ya sindano nyingine. Ukishachanganya, choma papo hapo. Ikikaa inaanza kupoteza nguvu. Dozi ni kichupa kizima, 1 ml, kwa Chihuahua na kwa Boerboel sawasawa. Wapo wanaogawa kichupa kimoja kwa mbwa wawili wadogo, matokeo yake wote wawili wanabaki bila kinga ya uhakika. Inachomwa chini ya ngozi, nyuma ya shingo au juu ya bega: unainua ngozi kama hema, unaingiza sindano chini ya mkunjo, unavuta kidogo kuona kama damu inaingia, ndipo unasukuma. Usiloweshe pale kwa spiriti, maana inaua virusi hai vya chanjo. Bomba lililochemshwa na kuoshwa kwa dawa nalo lina shida hiyo, tumia jipya.

La tatu ndilo kubwa. Mbwa mmoja mmoja mwili wake unaikataa chanjo: uso unavimba, vipele vinatoka, anatapika, fizi zinakuwa nyeupe, anaanguka. Ikitokea kwa nguvu huwa ni ndani ya dakika chache, na anahitaji adrenalini pale pale. Nyumbani huna. Ndiyo maana unakaa kliniki nusu saa baada ya sindano. Akilala sana siku hiyo au akila kidogo, ni kawaida. Kauvimbe kadogo pale alipochomwa nako hukaa hata wiki mbili au tatu, kisha kanaisha.

mdau_tegeta

Shukrani sana, mmenifungua macho. Nyongeza mbili: hiyo L ina umuhimu gani huku Dar? Na kuna mtu kaniambia chanjo zote zirudiwe kila mwaka maisha yake yote, ni kweli?

DktMifugo_Moro

Leptospira ndiyo ile homa ya mgunda. Julai 2022 ilizuka kwa watu Ruangwa, mkoani Lindi, na kuua. Vimelea vinatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vinakaa kwenye maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu. Mbwa wa Dar anayelala uani, panya wakipita usiku na mvua za masika zikijaza mitaro, yupo kwenye hatari kabisa. Akiugua anaharibika figo na ini, na mkojo wake unaweza kuwaambukiza nyie mnaodeki banda. Kwa hapa kwetu mimi siihesabu kama ya hiari.

Ila L ina tabia tofauti. Kinga yake ni ya kama mwaka mmoja tu, na inaanza kwa dozi mbili zilizopishana wiki 2 hadi 4. Ukimchoma moja ukapotea, umepoteza pesa. Baada ya hapo ni kila mwaka. DHP haihitaji kila mwaka: akishamaliza utoto na ile ya miezi 6 au mwaka, inatosha kila miaka 3. Kichaa fuata lebo ya chanjo na agizo la mamlaka ya eneo lako. Zipo zilizosajiliwa kwa miaka 3, lakini kama halmashauri inataka kila mwaka, ni kila mwaka.

Kabla ya sindano, mpime joto. Kawaida ya mbwa ni takriban 38.3 hadi 39.2. Mwenye homa, anayeharisha au aliyejaa minyoo tunamtibu kwanza. Dawa ya minyoo anapaswa kuwa ameanza tangu wiki ya pili ya kuzaliwa, na hiyo si chanjo. Kuna kadi zinaziandika safu moja hadi mtu anahesabu "chanjo nne". Jike mwenye mimba usimchome chanjo hai, mchanje kabla ya kupandishwa.

shangani_mkongwe

Swali la 4 limesahaulika. Mpaka wiki moja hadi mbili baada ya ile dozi ya wiki 16, asikanyage barabarani, sokoni, ufukweni, wala sehemu wanakopita mbwa usiowajua. Lakini usimfungie gizani, maana umri huu ndio anaojifunza dunia. Mbebe mikononi, mpakie kwenye gari, aone bodaboda, watoto na kelele. Acheze na mbwa wakubwa waliochanjwa, kwenye ua safi.

Parvo inaingia pia kwa viatu vyenu, na kwenye udongo inadumu miezi mingi. Kama nyumba hiyo mbwa aliwahi kuharisha damu, sabuni peke yake na dettol haviui kirusi hicho. Osha sakafu kwa sabuni kwanza uchafu wote utoke, kwa sababu kinyesi kinaipunguza nguvu klorini iliyomo kwenye jiki. Kisha weka jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache dakika 10, suuza. Kwenye udongo jiki haifanyi kazi vizuri, hapo mtoto asiyemaliza chanjo asishushwe.

Na mbwa akimuuma mtu, hata kama kadi yake imekamilika: kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyohiyo, mbwa afungwe na kuangaliwa siku 10. Msimuue.

kilimani254

Kama kuna uwezekano wa kuhama naye kwenda Ulaya, panga sasa, kwa sababu mpangilio ukikosea unaanza upya. Kwanza chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15. Kisha chanjo ya kichaa, akiwa ametimiza wiki 12. Zikipita siku 30 au zaidi, damu inapelekwa maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, na kiwango cha kinga kiwe angalau 0.5 IU kwa mililita. Toka siku ya kutoa damu unasubiri miezi mitatu ndipo asafiri. Marekani, tangu Agosti 2024, hawapokei mbwa wa chini ya miezi 6, na wanaotoka nchi zenye kichaa wana fomu na masharti zaidi.

Chanjo ya kichaa iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi. Kwa hiyo siku ya wiki 13, mwambie daktari aweke chipu, aisome kwa mashine, aiandike namba kwenye kadi, ndipo afungue kichupa.