NMP, isopropanoli na maji, au maji yenye sodiamu kolati: kipi kinafaa kutenganisha kinywe?

Mwombaji_Vifaa: Habari za kazi, wanajukwaa. Juma hili ninawasilisha maombi ya ununuzi wa kiyeyushi cha kutenganisha kinywe (grafiti, kaboni nyeusi kama ya penseli) kuwa grafini, yaani tabaka zake nyembamba mno, na viyeyushi vilivyotajwa hapo juu ndivyo ninavyovilinganisha. Kipi kinatoa grafini bora?

Kemia_Moro: Ndugu, bora kwa kazi gani? Hujataja matumizi, mashine uliyo nayo, wala ukubwa wa magamba ya kinywe chako. Mimi ningechagua NMP (N-methyl-2-pyrrolidone, kiyeyushi cha kikaboni), ambayo watafiti wa Dublin waliitumia mwaka 2008, kwa kuwa mvutano wa uso wake, takriban mN/m 40, unawiana na nishati ya uso wa grafini, hivyo tabaka huachana kwa gharama ndogo ya nishati na hazirudi kushikamana upesi. Hata hivyo walipata takriban mg 0.01 tu za grafini kwa mililita.

Benchi_la_Pwani: NMP inachemka kwenye nyuzi 202 za Selsiasi, na hapo ndipo taabu inapoanza. Katika maabara niliyofanyia kazi, filamu zilizopakwa juu ya plastiki zilionekana safi kabisa, lakini ukinzani wake wa umeme ulikuwa mkubwa na ulibadilika kila zilipopimwa. Tulipoongeza joto ili kuondoa kiyeyushi kilichobaki kati ya vipande, plastiki ilijikunja. Tulipopunguza joto, kiyeyushi kilibaki. Isitoshe, NMP inadhuru uzazi, na chumba chetu hakikuwa na kabati la kufyonza hewa.

Mwombaji_Vifaa: Samahani kwa kuchelewa. Ni wino wa kupitisha umeme, juu ya plastiki ya PET. Nina bafu la ultrasoniki tu, lile linalotikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti.

Kemia_Moro: Basi hilo la plastiki linabadilisha hesabu. Isopropanoli, aina ya alkoholi, inachemka kwenye nyuzi 82, ila ikiwa peke yake mvutano wake ni mdogo mno; ndiyo sababu huchanganywa na maji. Kolati, chumvi inayofanya kazi kama sabuni ndani ya maji, itakulazimu kuosha filamu, kwani mabaki yake yanazuia umeme.

Mzalishaji_Mdogo: Kwa nini mnang'ang'ania bafu? Mwaka 2014 ilithibitishwa kwamba kasi ya mkato (jinsi tabaka za kimiminika zinavyoteleza upesi moja juu ya nyingine) inayozidi 10,000 kwa sekunde inatosha, hata kwa blenda ya jikoni, na bafu likiendeshwa muda mrefu huvunja vipande vikawa vidogo.

Benchi_la_Pwani: Blenda itakuachia kinywe kingi ambacho hakijatengana. Bila sentrifyuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi ili vipande vizito vitengwe, utapaka kinywe ukidhani ni grafini.

Mzalishaji_Mdogo: Hilo linahusu bafu vilevile. Mwombaji, je, sentrifyuji unayo?