Riakta ya bomba inanitolea uji mweupe badala ya dizeli

Fundi wa Kondele: Ndugu zangu, nisaidieni kabla sijauza mabomba haya kama chuma chakavu. Nina kinu cha posho, injini ni Lister ya zamani, na bei ya dizeli imenimaliza. Nakusanya mafuta machafu kwa wauza chipsi na kwa akina mama wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kuondolewa. Nilipokuwa nikitumia mtungi wa lita 20, nikikoroga mafuta hayo saa nzima na methanoli (aina ya spiriti) yenye kostiki (soda kali), nilipata dizeli safi na injini haikulalamika. Tamaa ikaniingia, nikaunda mtambo wa mtiririko, riakta ya bomba, ambamo mafuta yanageuka dizeli yakiwa yanapita: pampu moja ya mafuta moto, nyingine ya methanoli iliyoyeyushiwa kostiki, zinakutana kwenye bomba la inchi 1, mita 12, nililolizungusha ndani ya pipa la maji ya nyuzi 60. Jumla lita 1 kwa dakika. Kinachotoka ni uji, na nikiosha napata povu la kufulia mtaa mzima. Pampu ndizo mbovu?

Mama Sabuni, Nakuru: Pole fundi. Pampu ziache. Bomba lako linabeba kama lita 6 tu, kwa hiyo mafuta yanakaa humo dakika 6. Mtungi uliupa saa nzima!

Na usikimbilie kupunguza kasi. Hata sasa mafuta yanapita polepole, tabaka juu ya tabaka, methanoli ikiteleza kando bila kuchanganyika. Ukipunguza, zitaachana zaidi. Riakta za bomba hufanya kazi pale pampu inaposukuma kwa nguvu, au bomba likiwa na vibati ndani vya kuvuruga mkondo.

Ningekuwa wewe ningechukua matangi mawili ya lita 30 yenye mapanga ya kukorogea, la kwanza lifurikie la pili. Tangi moja la lita 60 nalo lina wastani wa saa moja, lakini wastani hudanganya: karibu asilimia 39 ya mafuta hutoka kabla ya nusu saa. Kwa mawili hushuka hadi 26. Katikati weka chombo cha kutulizia, uchomoe chini glisirini, ule uzito unaojitenga na dizeli, kwa sababu ikibaki humo inazuia kazi isiende mbele. Methanoli igawe, nyingi mwanzoni, iliyobaki kwenye tangi la pili.

Kostiki unatia kiasi gani?

Fundi wa Kondele: Gramu 9 kwa lita. Nilikisia, mama.

Mama Sabuni, Nakuru: Ndiyo sabuni yenyewe hiyo! Mimi naiuza, najua inavyopikwa. Mafuta mapya yanataka gramu 3.5 hivi. Yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi yana asidi, kwa hiyo pima: yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji safi ya betri (yale yasiyo na asidi), kisha dondosha kwenye mililita 1 ya mafuta iliyo ndani ya mililita 10 za spiriti ya isopropili yenye fenolfthalini (dawa ya kipimo inayobadilika rangi), mpaka rangi ya waridi ikae. Ukitumia mililita 3, ongeza gramu 3, jumla 6.5. Na mafuta ya mgongo wazi yapashe kwanza mpaka yaache kurukaruka, yana maji ya samaki.

Pipa lisizidi nyuzi 60, methanoli huchemka kwa 64.7. Moto wake mchana hauonekani, tena ni sumu ya macho. Isiwe chumba kimoja na kinu.

Jirani wa Nyalenda: Maji ya kuoshea unamwaga wapi lakini? Mto Auji unapita nyuma ya nyumba yetu.

Fundi wa Kondele: Mtaroni. Najua, najua.

Mama Sabuni, Nakuru: Nayo yatiririke vilevile. Maji ya mwosho wa tatu yawe ya kwanza kwa mafuta yanayofuata, utatumia machache. Yakichoka, tia asidi kidogo sabuni ivunjike, mafuta yaelee uyakwangue, kisha chokaa kuondoa ukali. Baada ya hapo yapite taratibu kwenye tangi linalopulizwa hewa. Bakteria huila methanoli vizuri wakipata hewa.

Fundi wa Kondele: Wiki mbili baadaye: matangi mawili, gramu 6 za kostiki kwa lita. Nimejaribu mililita 3 za dizeli yangu ndani ya 27 za methanoli, alfajiri, maana mchana wa Kisumu joto linaharibu kipimo. Yameyeyuka yote ila tone moja chini ya gilasi, yaani kuna mafuta kidogo ambayo hayajageuka dizeli. Nipunguze mtiririko au niongeze methanoli?

Mama Sabuni, Nakuru: Mtiririko. Sasa mapanga yanakoroga, hazitaachana kama kwenye bomba. Methanoli ni pesa.