Naomba ushauri: kichujio gani cha mwanga kitafaa kwa gesi ya galaksi M77?

Salaam wakuu. Niko Shela, Lamu, na darubini ya kioo, inchi 8, juu ya paa. Desemba, saa tatu na nusu hivi usiku, M77 hupita karibu na utosi. Naiona kama doa la ukungu lenye kiini king'avu. Kiini hicho ndicho kinaninyima usingizi: gesi iliyo jirani na shimo jeusi inawaka kwa mionzi. Mng'ao wa viini vya aina hii ndio alioueleza mwanaastronomia Carl Seyfert mwaka 1943, ingawa habari ya shimo jeusi ilikuja baadaye.

Nataka kuipiga picha kwa mwanga wa oksijeni. Mwanga huo hutoka ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 500.7, lakini galaksi inatukimbia, hivyo hutufikia ukiwa kama 502.6. Kichujio nilichopata hupitisha ukanda wa nanomita 3 tu, kitovu chake 500.7. Hesabu yangu inasema mwanga huo utaangukia nje ya ukanda. Nimekosea? Nitafute cha nanomita 7, au niache vichujio ninunue wavu wa kutawanya mwanga, niuone mstari wenyewe wa oksijeni kati ya rangi zilizotawanywa?

Pesa ni ya kimoja tu. Na kaskazi ikivuma, darubini hutikisika (chumvi nayo haina huruma na vioo). Aliyewahi kujaribu anielekeze, tafadhali.