Mafundi wa "kaza mpaka ilie", nani aliwaambia mkono ni kipimo?

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Mnaotaka kunituliza pitieni uzi mwingine, hapa nimekuja kulalamika.

Pikapu yangu ni zile ambazo kebini inakaa juu ya chasisi. Katikati ya kebini na chasisi kuna raba, na kila raba imepitiwa na bolti ndefu inayoshika bodi isihame. Raba zilikuwa zimechoka, nikipita kwenye tuta kebini inagonga. Nikapeleka gereji, tena si ya kubahatisha, ina lifti, mafundi wana sare, risiti unapewa. Wakabadilisha raba zote, nikalipa kila walichotaja bila kubishana. Gari likarudi na mlango wa dereva ambao haufungi mpaka uubamize, mtetemo kwenye sakafu ambao haukuwepo kabla, na mlio wa "tk, tk" upande wa nyuma kulia kila ninapokata kona.

Nikarudi kuuliza. Fundi hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Bosi, hizo bolti nimezikaza mwenyewe, nimekaza mpaka zikalia. Mpaka unaliuza hilo gari hazilegei." Nikamuuliza alizikaza kwa Nm ngapi, yaani nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza. Akacheka, akamgeukia mwenzake, wakacheka wote. "Mkubwa, mkono huu una uzoefu, hauhitaji kusoma namba."

Na nyuma yake, ukutani, spana ya torki, ile inayopima nguvu unayokazia, imening'inia!

Yaani chombo wanacho. Wangekuwa hawana ningesema maisha magumu, vifaa ghali, tusameheane. Kipo, kina vumbi la kuandikia jina, na kipimo chake kimeachwa kwenye namba ya juu kabisa. Anayekijua chombo hicho ameshanielewa. Ndani yake kuna springi, na ukimaliza kazi unarudisha kipimo kwenye namba ya chini kabisa ya mstari wake ili springi isikae imebanwa. Ikikaa imebanwa muda mrefu inachoka na inaanza kudanganya. Kwa hiyo hata siku wakiamua kukishusha ukutani, huenda kikawapa namba ya uongo na wataiamini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinataka vyombo hivi vihakikiwe kila miezi 12 au kila mikazo 5,000, kinachotangulia, kama mtumiaji hajajiwekea utaratibu wake mwenyewe. Hao wenzetu utaratibu wao ni kukifuta vumbi akija mteja mkubwa.

Gari nimelipeleka kwa fundi mwingine, tukaingia chini wote wawili na tochi. Raba ya mbele kushoto, mpya kabisa, imebanwa mpaka imetokeza pembeni na ukingo wake umeanza kuchanika. Tukaifungua. Katikati ya raba kama hii hutakiwa kuwemo kibomba cha chuma ambacho bolti inapita ndani yake. Kibomba hakipo! Wametoa raba ya zamani, kibomba kimeganda na kutu kwenye raba hiyo, wakaona kukitoa ni usumbufu, wakatupa vyote na kuweka raba mpya tupu.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini hili limenichefua kuliko mengine yote. Kibomba hicho ndicho kinachobeba mkazo wa bolti. Ukikaza, washa ya juu na ya chini zinakutana na chuma, mkazo unaishia hapo, na raba inabaki imebanwa kwa kiasi alichopanga mtengenezaji, si zaidi. Ukikiondoa, bolti inabana raba peke yake. Raba haina mwisho, unakaza inazidi kuzama, unakaza inazidi kuzama, na fundi anadhani anafanya kazi nzuri kwa sababu bado inakubali. Hata ungetumia spana ya torki yenye afya hapo usingeifikia namba ya kitabu cha gari mpaka raba iwe imekufa. Na raba iliyobanwa mpaka mwisho si raba tena, ni kipande kigumu. Mtetemo wote wa injini na barabara unapanda moja kwa moja kwenye sakafu, ndio huo ninaousikia kwenye nyayo.

Hiyo ni moja. Ile "tk, tk" ya nyuma kulia ni bolti inayozunguka tu. Huikazi, huitoi. Nati yake imechomelewa ndani ya boksi la bodi, mahali ambapo hata kidole hakifiki, na ile bunduki yao ya upepo, ya kuzungushia bolti, imeng'oa uchomeleaji wote. Bunduki ya upepo ya nusu inchi inatoa mamia ya Nm, jamani. Imetengenezwa kufungulia vitu vilivyoganda. Mtu anaichukua, anaielekeza kwenye nati iliyoshikwa na vidoti vinne vya kuchomelea, anaiachia "trrrrr" mpaka isimame yenyewe, halafu anasema amekaza. Umekaza nini? Umevunja!

Bolti nyingine si ya gari hili kabisa. Bolti zangu zote kichwani zimeandikwa 8.8, hii moja imeandikwa 4.8. Kwa wasiojua, namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa chuma hicho, kwa vipimo vya MPa (megapaskali), na namba ya pili, ukiizidisha kwa 10, inakwambia chuma kitaanza kuvutika bila kurudi kikifika asilimia ngapi ya nguvu hiyo. Kwa hiyo 8.8 ni 800, na inaanza kuharibika kwenye 640. Hii 4.8 ni 400 na 320. Nusu kamili. Unene ni uleule, urefu ni uleule, ukiipaka rangi nyeusi hutaitofautisha, na wameipaka. Ya kwangu ilikwenda wapi sijui, nadhani ilikatika mikononi mwao wakafunika kombe.

Halafu grisi. Bolti zote zimepakwa grisi mpaka shingoni, eti zisipate kutu. Nia nzuri, lakini namba ya kitabu ilikuwa ya bolti kavu. Unapozungusha bolti, nguvu yako nyingi haiendi kubana kitu. Takriban nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa, kama asilimia 40 inaliwa kwenye meno, na inayobaki, kama asilimia 10 hivi, ndiyo inayovuta bolti ikabana. Ukipaka grisi unapunguza msuguano, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya mkono bolti inavutwa zaidi sana. Bolti ni springi, inashika kwa sababu imevutika kidogo na inataka kurudi. Ukiivuta kupita kiasi hairudi, na hapo inakuwa imekaza kwa macho tu. Ndiyo maana huyu wa "mpaka zikalie" na yule wa kuacha zimelegea wote wanafika sehemu moja, bolti inalegea barabarani. Mmoja tu ndiye anayejisifu.

Kwani huo mlio mnaousubiri mnadhani ni nini? Ni chuma kinasugua chuma chini ya kichwa, au meno yanalika. Haukwambii umefika, unaweza kuusikia kabla ya kufika na unaweza kuusikia umeshapita zamani.

Na tusidanganyane kwamba hesabu yenyewe ni ngumu. Chukua spana ya nusu mita, ning'iniza kilo 10 mwishoni ikiwa imelala usawa, umepata karibu Nm 49. Kwa bolti kavu ya 8.8 yenye kipenyo cha milimita 10 hiyo ndiyo kadiri yake, karibu 50. Ya milimita 8 ni karibu 25. Ya milimita 6, hizi zinazoshika fenda na vitu vidogo vya bodi, ni karibu 10 tu, ambayo mtu mzima anaifikisha kwa kiganja bila kujua, na ndiyo maana zinakatika vichwa kila siku. Ya milimita 12 inafika 85 hivi. Hizo ni za kukupa picha, gari lako lina kitabu chake na bolti ya bodi ina namba yake humo, inategemea raba, kibomba na nati. Tofauti ya milimita mbili inazidisha namba karibu mara mbili. Niambieni mkono gani wa binadamu, asubuhi ukiwa na nguvu na jioni umechoka, unaijua tofauti hiyo.

Kuna kijana pale gereji alijitahidi kunitetea, nampa haki yake. Akasema yeye alitaka kutumia spana ya torki, akaiweka 50 kama kitabu kinavyosema, mkubwa wake akamwambia anapoteza muda. Nikamuuliza aliisoma mstari upi, maana ina mistari miwili. Akanionyesha. Ni mstari wa pauni kwa futi. Hamsini ya mstari huo ni karibu Nm 68! Wa kumlaumu ni nani sasa, kijana ambaye hakufundishwa au mzee anayemfundisha kucheka?

Mlango nao una maelezo yake. Bodi inatakiwa ishushwe ikae kwenye raba zake zote, bolti zote zianzwe kwa vidole, ndipo zikazwe kwa awamu, kidogo huku kidogo kule, mpaka zote zifike. Hawa waliinua upande mmoja kwa jeki, wakaweka raba, wakafunga mpaka mwisho, wakahamia upande wa pili. Kebini imejikunja kidogo. Kidogo tu, huwezi kuiona ukisimama mbali, lakini nafasi kati ya mlango na nguzo juu inapitisha kidole na chini haipitishi kadi. Kwenye kile chuma ambacho kitasa kinashika kuna mchirizi mpya unaong'aa, kitasa kinakikwaruza kila ninapofunga. Walichofanya nilipolalamika ni kutaka kulegeza bawaba za mlango wausogeze. Yaani bodi wameipinda wao, halafu waupinde na mlango ufanane nayo!

Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Ili wafikie bolti za chini ya zulia walitoa siti na mkanda. Bolti ya mkanda wa dereva imerudishwa kwa bunduki ileile na imeingia upande. Unaiona kwa macho, kichwa hakijalala sawa. Bolti za mikanda kwenye magari mengi, hata yale ambayo bolti zake nyingine zote ni za milimita, ni za inchi, 7/16 yenye meno 20 kwa inchi. Haziingiliani na nyingine, na lazima zianze kwa vidole mizunguko kadhaa kabla hujagusa spana. Bodi ikipiga kelele utaongeza sauti ya redio. Hii ni ile inayoshika kifua chako gari likigonga. Fundi anaifunga kwa sekunde mbili huku anaongea na simu.

Najua kuna watakaokuja na "mbona babu zetu walikaza kwa mkono na magari yakaenda". Yalienda, na mengine bolti ziliachia, ila hayo ya mwisho hayasimuliwi. Na chuma chao kilikuwa kinene, raba chache, na babu huyo hakuwa na bunduki ya upepo. Wengine mtasema ningekaa pale nisimamie. Nikae kufanya nini? Namlipa fundi ili nisikae. Kama kazi inahitaji mwenye gari asimame na kitabu mkononi, basi mimi ndiye fundi na yeye ni msaidizi wangu, bei ishuke.

Ninachowadai wala si kikubwa. Walete vibomba vya raba zote, bolti ya 8.8 iliyopotea, wafungue zote na kuzirudisha kwa mpangilio, na kila moja iandikwe kwenye karatasi imekazwa kwa Nm ngapi na alama ya rangi ipigwe kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma, ili ikizunguka baadaye nione. Jibu walilonipa ni kwamba karatasi za namna hiyo "hawana mfumo wake". Kalamu mnayo, risiti mliiandikia nini? Mkanda siwaachii tena, huo utashughulikiwa na fundi wa pili.

Kilichobaki ni ile nati inayozunguka, na hapa naomba wazoefu badala ya pole. Fundi wa pili anataka kukata dirisha dogo kwenye sakafu juu yake, aishike, aichomelee upya, halafu azibe. Mimi naogopa kutu na naogopa kudhoofisha sehemu yenyewe inayobeba kebini. Aliyewahi kufanyiwa kwenye pikapu ya aina hii aniambie alikata kwa juu au kwa ubavuni, na baada ya kuziba alipaka nini kwa ndani mahali ambapo brashi haifiki.