Binti aliyebaleghe na shule ya bweni: je, ni kuiacha mila?

Mama wa Pasua, Moshi
Assalaam alaykum. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na amepangiwa shule ya bweni mkoani Tabora, kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Babu yake mzaa baba anasema mtoto wa kike aliyebaleghe hapelekwi mbali na kwao, kwamba aliyoyapata madrasa yanamtosha, na kwamba usasa ndio unaowaharibu mabinti. Namheshimu mzee, wala hasemi kwa ubaya, lakini naumia nikiona madaftari ya mtoto yamefungwa kamba juu ya kabati. Je, ni lazima tuchague kati ya mila na shule?

Mwalimu wa Ngarenaro, Arusha
Waalaykum salaam, dada. Sikubali kwamba elimu ya mwanamke ililetwa na usasa. Bibi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea na kusimulia hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wanaume walimwendea kumwuliza masuala ya dini. Kule Sokoto, kaskazini mwa Nigeria ya leo, Nana Asma'u (1793–1864), binti wa Shehu Uthman dan Fodio aliyeasisi dola ya Kiislamu ya huko, aliandaa walimu wa kike waliokwenda vijijini kuwasomesha wanawake wenzao, na viongozi wao aliwavika kofia ya ukili iliyozungushiwa kitambaa chekundu. Hao walisafiri, tena kwa ajili ya elimu.

Bibi wa Bondeni, Moshi
Mwanangu, mwalimu amesema kweli, ila hofu ya mzee nayo ina chanzo chake. Hapa Kilimanjaro shule nyingi za zamani zilikuwa za misheni, na wazazi wetu walichelea kwamba mtoto akienda kusoma atarudi amebatizwa. Serikali ilizitaifisha kwa Sheria ya Elimu ya 1969, lakini hofu ilibaki, nasi tukairithi tukiiita mila. Kwa hiyo usishindane naye kwa hoja. Mwulize anachokihofia hasa: ni swala, ni hijabu, ni daku la Ramadhani, au ni safari yenyewe? Kisha mpigie simu mkuu wa shule mzee akiwa amekaa hapo, aulize kwa kinywa chake wasichana wanaswalia wapi na nani anawaangalia bwenini. Ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022 katika shule za Serikali, basi sehemu ya akiba yako imlipie nauli amsindikize mjukuu wake, kwa kuwa babu ni maharimu, yaani ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa, na kama analolisimamia ni sharti la mwanamke kusafiri na maharimu wake, atakuwa amelitimiza yeye mwenyewe.