Risiva yazima yenyewe kila kaskazi: feni gani, na matundu yatobolewe wapi?

BintiTudor

Asalaam aleikum jamaa. Naomba msaada wa wanaozijua hizi kazi. Kuna kabati la TV la mbao, tundu lake la kati lina upana wa sm 100, kimo sm 30 na kina sm 40. Ndani mna risiva, yaani amplifaya ya sauti, ya spika tano na wufa (sm 43 kwa 17 kwa 38), kando yake PS5 imelazwa, na dikoda imekaa juu ya risiva. Mbele ni mlango wa kioo. Nyuma ni hadibodi, na kabati limeegemea ukuta.

Wakati wa kusi hakuna taabu. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, risiva huwaka kama dakika 40 kisha hujizima na kuandika PROTECT. Ukiiacha nusu saa, yawaka tena vizuri. Dikoda nayo picha hugandaganda. Nataka kununua feni. Iwe ya ukubwa gani, iwekwe wapi, na matundu yatobolewe wapi? Kabati ni zuri, sitaki kuliharibu bure.

Fundi_MwembeTayari

Waaleikum salaam dada. Kabla ya feni, toa hiyo dikoda juu ya risiva leo hii. Na kama juu ya chochote humo pametandikwa kitambaa cha kufuma, kitoe pia. Yale matundu ya juu ya risiva ndiyo pua yake. Chini yake pana hitisinki, zile mbavu za alumini ambazo transista za sauti zimefungwa, na joto lao hupandia hapo. Dikoda ikiyafunika, risiva inakosa pa kupumulia na dikoda inapikwa kwa chini. Picha kuganda, naamini imetoka hapo.

PROTECT ina namna zake za kuja, na kila namna ina ugonjwa wake. Ikija papo hapo unapowasha, tazama nyaya za spika: uzi mmoja wa shaba uliochomoza ukagusa skrubu ya jirani unatosha. Ikija besi inapopiga, mzigo wa spika ni mzito kwa risiva. Ikichukua muda mrefu, kisha ikapona baada ya kupoa, hilo ni joto. Yako ni joto.

Lakini joto huzidi kwa njia mbili: ama halina pa kutokea, ama linazalishwa kupita kiasi. Hii ya pili wengi huisahau, wakaweka feni tatu na ugonjwa ukabaki palepale. Kwa hiyo nakuuliza: spika zako zimeandikwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ngapi kwa nyuma, na kila pea ya skrubu za risiva imefungwa spika ngapi?

Huku tukisubiri jibu, hesabu ya feni ni hii. Chukua wati zote zinazoliwa ndani ya kabati, zidisha mara 3, gawa kwa nyuzi unazokubali kabati lizidi chumba. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. PS5 kwenye mchezo mzito hula kama wati 200, risiva kwa sauti ya kawaida tuseme 100, dikoda 15. Jumla 315. Ukikubali kabati lizidi chumba kwa nyuzi 8: 315 mara 3, gawa kwa 8, ni karibu mita 118 kwa saa. Feni ya milimita 120 inayoandikwa mita 85 hupimwa ikiwa wazi, haina kizuizi. Ndani ya kabati lenye wavu na kona tegemea nusu ya hiyo. Utahitaji feni tatu za nguvu, na kelele yake utaisikia kuliko filamu.

Sasa itoe PS5 nje. Zinabaki wati 115, yaani mita 43 kwa saa. Feni mbili za taratibu zinatosha na zinabakisha akiba. Isitoshe, kitabu cha PS5 kinataka hewa inayoizunguka isizidi nyuzi 35. Sebule ya Mombasa mwezi wa Februari mchana iko 32 au 33. Akiba yako ni nyuzi mbili tu, na hakuna kabati lenye mlango litakalokuachia hizo mbili. Iweke juu ya kabati, nyuma yake pabaki angalau sm 10 hadi ukutani, maana hewa moto hutokea nyuma.

Kisauni_K

Si awashe AC nyuzi 18 wakati wa kutazama, mambo kwisha?

PwaniBaridi

Hapana, kaka. Kwa huku kwetu hiyo ina hatari yake, na naomba watu waisome vizuri.

Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, chochote kilicho chini ya nyuzi 25 kitatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka frijini. Chumba kikipozwa hadi 18, bati la TV na saketi za dikoda iliyozimwa zinashuka mpaka kama 20. Ukizima AC ukafungua dirisha, hewa ya bahari inaingia na maji yanajikusanya juu ya saketi. Huyaoni, yamo ndani. Mtu akiwasha mashine hapohapo, anapitisha umeme kwenye umande. Kama una AC, iache 25 au 26 na usizishtue mashine. Ukizima, ngoja chumba kirudi joto lake, kama saa moja, kisha ndipo ufungue madirisha.

La pili ni chumvi. Vumbi la Mombasa si vumbi la bara. Limechanganyika na chumvi ya bahari, na chumvi huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, kiwango ambacho usiku wa Pwani hukipita sana. Lile vumbi kavu linageuka uji mwembamba unaopitisha umeme, unaokula shaba mpaka inakuwa ya kijani. Ndiyo maana mashine iliyofunikwa miezi sita bila kuwashwa hufa hapa upesi kuliko inayotumika. Uvuguvugu wa kutumika huikausha.

Kwa hiyo dada BintiTudor, feni zako zivute hewa kutoka kabatini kwenda nje. Usizigeuze zipulize ndani. Feni inayopuliza juu ya saketi inapeleka chumvi moja kwa moja mahali pabaya zaidi. Feni inayovuta inakuachia mlango mmoja wa kuingilia hewa, na mlango mmoja unaweza kuuwekea chujio.

BintiTudor

Shukran sana. Nimetazama spika. Mbili za mbele zimeandikwa 8. Kuna nyingine mbili ziko kibarazani, nazo 8, zimefungwa kwenye skrubu zilezile za mbele, waya juu ya waya. Za kati na za nyuma ni 6.

Fundi_MwembeTayari

Basi mwizi tumemshika. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye skrubu moja, risiva inaona omu 4. Kwa sauti ileile, mkondo wa umeme unakuwa mara mbili, na joto kwenye transista za mbele nalo linakaribia mara mbili. Geuza risiva usome nyuma, kando ya skrubu: nyingi zimeandikwa kima cha chini omu 6. Ziko zinazotaka 8.

Zifungue zile za kibarazani. Kama unazitaka lazima, funga kila moja kwa mfululizo na spika ya mbele ya upande wake: waya chanya wa risiva uende chanya ya spika ya mbele, hasi ya spika hiyo iende chanya ya spika ya kibarazani, hasi ya spika ya kibarazani irudi risiva. Zitakuwa omu 16, sauti itashuka kidogo, lakini risiva itapumua. Njia bora kuliko zote ni kuzipa kibarazani amplifaya yake ndogo ya daraja D, zile zinazopoteza sehemu ndogo tu ya umeme kuwa joto.

Ukitaka kuhakikisha kwa mita, zima kila kitu, chomoa waya wa spika kwenye risiva, pima ncha zake mbili. Spika ya omu 8 husoma kama 6, kwa sababu mita hupima waya wa koili peke yake. Ukisoma 3 na kitu, una mzigo wa omu 4.

Seremala_Majengo

Nami niseme ya mbao, maana hapo ndipo kabati huharibiwa.

Usitoboe mlango wa kioo. Hicho kwa kawaida ni kioo cha tempa. Ukikigusa na drili kinamwagika chote kama mchanga. Usitoboe juu wala ubavuni panapoonekana. Fanya kazi nyuma na chini.

Hewa iingie chini mbele, itoke juu nyuma, upande wa risiva. Iwe lazima ipite kwenye risiva njiani. Kosa ninaloliona kila mara ni tundu la kuingilia kukatwa karibu na feni: feni inavuta hewa safi ya hapo hapo na kuitupa, na risiva inabaki kwenye joto lake.

Sakafu ya hilo tundu la kabati, karibu na mlango, kata mfereji wa sm 60 kwa 4. Hizo ni sm 240 za mraba. Feni moja ya milimita 120 ina kama sm 113 za mraba, kwa hiyo mbili ni 226. Mlango wa kuingilia usiwe mdogo kuliko hapo, na kwa kuwa utaweka wavu, ukiweza ufanye upana uwe sm 6. Chumba cha chini ya hapo kitolewe hadibodi ya nyuma, ili hewa ya sebuleni ipate pa kuingilia.

Kwa nyuma, toboa hadibodi duara mbili za milimita 115, juu kabisa. Matundu ya skrubu za feni ya 120 yako milimita 105 kutoka moja hadi jingine. Chora kwa kutumia feni yenyewe. Hadibodi ni nyembamba, itavuma kama ngoma. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, viweke kati ya feni na ubao kwenye kila skrubu, na usikaze mpaka mpira ukapondeka. Kisha ondoa kabati ukutani sm 8 angalau. Kwa wenye nyumba za Mji wa Kale wanaoweka dikoda kwenye zidaka: kidaka ni shimo la ukutani lisilo na upenyo nyuma, hewa moto haina njia. Dikoda moja tupu sawa, amplifaya hapana.

PwaniBaridi

Kwenye huo mfereji weka wavu wa dirishani wa mbu. Mjusi kafiri na mende hupenda mahali penye joto, na mjusi akikatiza kwenye saketi ya umeme mkubwa hufa yeye na mashine. Juu ya wavu tandika sponji nyembamba ya chujio, ile yenye matundu unayoyaona kwa macho. Ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila wiki mbili kipindi cha kaskazi, ikauke kabisa ndipo urudishe. Ikijaa vumbi, feni inazunguka na hewa haiji.

BintiTudor

Je, umeme wa feni nichukue wapi? Na usafi wa ndani ya risiva nifanye mwenyewe?

Fundi_MwembeTayari

Umeme: adapta ya volti 12, ampea 1. Feni mbili za mzunguko wa 800 hadi 1000 kwa dakika hazifiki nusu ya hapo. Usizitoe kwenye USB ya TV. Volti 5 haziwezi kuanzisha baadhi ya feni za volti 12, zinabaki zikitetemeka. Ukitaka zijiwashe zenyewe, nunua moduli ndogo ya W1209, swichi inayofuata joto. Ishikilie swichi yake ya SET sekunde tano, hakikisha P0 iko kwenye C (hali ya kupoza), kisha weka joto la kuwashia 38. Skrubu za K0 na K1 ni swichi tupu, hazitoi umeme: waya chanya wa 12 uingie K0, utoke K1 kwenda feni. Wengi hufunga feni moja kwa moja kwenye hizo mbili, kisha hudhani moduli imekufa.

Kabla ya kukaza feni tazama ubavuni mwake pana mishale miwili, mmoja wa kuzunguka na mmoja wa hewa. Ikiwa hakuna mshale, hewa hutokea upande wenye stika na miguu mitatu au minne inayoshika mota.

Usafi: wa nje fanya. Chomoa kwenye soketi, tumia brashi laini ya rangi kwenye matundu ya juu. Ya ndani mwachie fundi. Saketi ya umeme ya TV na PS5 hubeba volti zaidi ya 330 kwenye kapasita kubwa hata baada ya kuchomolewa, na hizo hazisamehe. Fundi akiifungua, mwambie ashike panga za feni wakati wa kupuliza, asafishe kwa isopropaili ya asilimia 99. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa ina maji, na nyingine zina mafuta. PS5 isifunguliwe mpaka kwenye chipu kwa ajili ya kubadilisha pesti ya kupitishia joto: ndani yake mna metali ya maji, ikimwagika inaunganisha nyaya na kula alumini. Ina matundu ya kunasia vumbi chini ya kifuniko cha ubavuni; hayo yavute kwa mashine ya kufyonza, inatosha.

Ukimaliza, pata kipima joto chenye waya, ncha yake iwe sm 2 juu ya matundu ya risiva. Cheza filamu saa nzima, mlango umefungwa, mchana wa jua. Chumba kikiwa 32, ukasoma 40 au 41, umefaulu. Ukisoma 48 na feni zinazunguka, washa kijiti cha udi ukishike kwenye mfereji wa chini. Moshi usipovutwa ndani, feni zimegeuzwa au sponji imeziba.